Vitu Vinavyotia Nguvu na Kuondoa Uchovu katika Mizani ya Fiqhi: Kahawa, Mirungi na Sindano za Wanariadha

 

Miongoni mwa maswali ambayo maimamu wetu huulizwa mara kwa mara, hasa Ramadhani inapokaribia, ni lile la vitu anavyovitumia mtu ili mwili wake ustahimili kazi ndefu au urudi upesi katika hali yake baada ya kuchoka. Kijana anauliza: nikitafuna mirungi ili niweze kusimama usiku kucha katika kumi la mwisho, nina dhambi au nina thawabu? Dereva wa lori anauliza juu ya makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu anayoyanywa ili asisinzie njiani. Mwanariadha anauliza juu ya sindano aliyoambiwa na kocha wake kwamba ni ya vitamini tu.

Majibu yanayotolewa mara nyingi ni mafupi, tena yanagongana. Yuko atakayesema kwamba vyote ni haramu kwa kuwa vinafanana na vilevi, na yuko atakayesema kwamba vyote ni halali kwa kuwa havikutajwa katika Qur'an wala Hadithi. Wote wawili wameiruka kazi yenyewe ya faqihi. Wanazuoni wa Usuli wanafundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa. Asiyejua kitu kinafanya nini mwilini hana njia ya kukihukumu. Na ukifuatilia namna wanazuoni waliotangulia walivyolikabili suala hili kwa muda wa karne tano, utaona kuwa kule kutia nguvu hakukuwa ndiyo ila (sababu) ya hukumu, si kwa kuhalalisha wala kwa kuharimisha. Waliuliza mengine: je, akili inabaki? Je, mwili unadhurika? Je, kuna mtu anayeghushiwa?

Kutafuta nguvu si kosa

Aya ya 60 ya Suratul Anfal inawaamrisha Waislamu kuandaa nguvu kadiri wanavyoweza, na katika Hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.) na kuitoa Imamu Muslim, muumini mwenye nguvu amefadhilishwa juu ya muumini dhaifu, ingawa wote wana kheri. Imamu Nawawi ameieleza nguvu hiyo kuwa ni ya azma katika mambo ya Akhera, lakini hakuna aliyesema kwamba nguvu za mwili ni jambo la kuchukiwa.

Lenye manufaa zaidi katika maudhui yetu ni Hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim juu ya mashindano ya farasi mjini Madina. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi walioandaliwa kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasioandaliwa kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Bukhari amenakili kutoka kwa Sufyan kwamba masafa ya kwanza ni maili tano au sita, na ya pili ni maili moja.

Farasi walioandaliwa ni wale waliofanyiwa kinachoitwa kwa Kiarabu tadmiri. Farasi alilishwa hadi akanenepa, kisha chakula chake kikapunguzwa mpaka kiasi cha kumtosha tu, akawekwa ndani na kufunikwa nguo nzito ili atoke jasho. Jasho likikauka, mafuta yamepungua, nyama imekuwa imara na pumzi imekuwa ndefu. Hayo ndiyo mazoezi ya ustahimilivu kwa lugha ya leo. Mtume (S.A.W.) hakuyakataza. Lakini tazama jambo la pili: hakuwachanganya walioandaliwa na wasioandaliwa katika mbio moja. Kila kundi lilipewa masafa yake, na kila mtu alijua farasi yupi ni wa kundi lipi.

Iko pia Hadithi ya Imran bin Husayn (R.A.) katika Sunan ya Abu Dawud, inayokataza jalabu na janabu katika mashindano. Jalabu ni mtu kumweka mwenzake nyuma ya farasi wake ampigie makelele ili azidi kukimbia. Janabu ni mshindani kuongozana na farasi wa pili ubavuni, ili yule aliyempanda akichoka ahamie kwa yule ambaye bado ana nguvu zake zote. Msomaji aiweke janabu hii akilini, kwa sababu tutairudia tutakapofika kwenye damu na sindano.

Katika ibada nako mwongozo ni wazi. Anas (R.A.) anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka katika swala huishika. Akaamuru ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu aswali wakati ana uchangamfu wake, na akichoka akae. Kamba haikuwa kileo wala haikumdhuru mtu. Ilifunguliwa kwa sababu iliufanya mwili uendelee kusimama baada ya kuishiwa, na dini haikumtaka hivyo.

Kahawa: kinywaji cha wakesha usiku

Kisa cha kahawa tunakijua zaidi kupitia kitabu cha Abdul Qadir al-Jaziri, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, alichokiandika katikati ya karne ya 10 Hijria kutetea uhalali wake. Humo amenakili kwamba aliyekieneza kinywaji hiki mjini Aden ni Sheikh Jamaluddin Muhammad bin Said adh-Dhabhani, aliyefariki mwaka 875 Hijria (1470 au 1471), ambaye alikuwa akizipitia fatwa mjini humo. Sheikh huyu aliwahi kukaa katika nchi ya Ajam na kuwaona watu wake wakitumia buni. Baadhi ya waandishi wa Ulaya walidhani kuwa maana yake ni Uajemi, lakini watu wa Aden walitumia jina la Bara la Ajam kwa pwani ya Afrika iliyo ng'ambo yao, na maana hiyo ndiyo inayoingia akilini, kwa kuwa Uhabeshi ndiko mbuni unakoota wenyewe. Aliporudi Aden akaugua, akakikumbuka kinywaji kile, akakinywa, akapata nafuu. Akagundua kwamba kinaondoa usingizi na uvivu na kuupa mwili wepesi. Basi masufi wa Aden wakakitumia kukesha katika dhikri na kisomo.

Kutoka Yemen kahawa ikafika Makka na Misri. Katika Chuo cha Azhar, kwenye riwaki ya Wayemeni, masufi waliinywa kila usiku wa Jumatatu na wa Ijumaa. Iliwekwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, na kiongozi wao aliichota kwa kikombe kidogo na kumpa kila mmoja kuanzia kuliani, huku dhikri ikiendelea.

Hapo ndipo upinzani ulipozuka. Sehemu ya lawama ilitokana na jina tu, maana neno qahwa katika Kiarabu cha zamani lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Sehemu nyingine ilitokana na mikusanyiko: watu walikaa usiku, walipokezana kikombe kama walevi wanavyopokezana, na penye mabaraza ya kahawa palichezwa na kusengenywa.

Mwezi wa Rabiul Awwal mwaka 917 Hijria (Juni 1511), Khair Beg, muhtasibu wa Makka chini ya utawala wa Wamamluki, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kahawa. Kesho yake akawakusanya wanazuoni. Baraza lilikubali kwamba asili ya mimea ni kuruhusiwa, na kwamba suala lote liko katika madhara. Wakaitwa matabibu wawili ndugu, wakashuhudia kwamba kahawa kwa tabia yake ni baridi na kavu na kwamba inaharibu mwili. Wakaja na mashahidi wengine. Imepokewa kwamba mmoja wao alisema kahawa inabadilisha akili sawasawa na pombe, watu wakacheka. Akaulizwa amejuaje, akakiri kwamba pombe amekwisha kuinywa, akapigwa hadi kwa kukiri kwake. Ushahidi wa namna hiyo ndio uliotumika kuiharimisha kahawa Makka, na magunia ya buni yakachomwa njiani.

Jibu lililotoka Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri lilikuwa jepesi kuliko Khair Beg alivyotarajia. Lilikataza mikusanyiko na maovu yanayofanyika humo, na halikukiharimisha kinywaji chenyewe. Mwaka uliofuata muhtasibu huyo aliondolewa, na kahawa ikanywewa Makka hadharani.

Fitina ilirudi Cairo mwaka 941 Hijria (1534 na 1535), pale mhubiri mmoja aliyeitwa as-Sunbati alipowachochea watu, wakavamia mabaraza ya kahawa na kuvunja vyombo. Shauri likapelekwa kwa kadhi Muhammad bin Ilyas wa madhehebu ya Hanafi. Kadhi huyu hakufungua vitabu kwanza. Aliamrisha kahawa ipikwe nyumbani kwake, akawanywesha watu kadhaa, kisha akakaa nao sehemu kubwa ya siku akizungumza nao na kuwaangalia. Hakuona mabadiliko yoyote katika maneno wala akili zao, akahukumu kuwa inaruhusiwa. Mimi katika kisa chote cha kahawa sijaona kitendo cha kifiqhi kilicho safi kuliko hiki. Kadhi alitambua kwamba swali lililobaki si la nassi bali la jambo linaloonekana kwa macho, naye akalitazama kwa macho.

Mirungi na shaka ya Ibn Hajar

Mirungi, ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita miraa na Wayemeni qati, ni jirani wa kahawa tangu mwanzo. Al-Jaziri ananakili kwamba kinywaji cha awali cha masufi wa Aden kilikuwa kikipikwa kwa kafta, yaani majani ya qati, na kwamba buni ilishika nafasi pale majani yalipokosekana. Kabla ya hapo, al-Umari, aliyefariki mwaka 749 Hijria (1349), alipowaelezea Waislamu wa Uhabeshi alitaja mti ambao majani yake huliwa, yakachangamsha na kupunguza usingizi na hamu ya chakula.

Katika karne ya 10 wanazuoni wa Sanaa na Zabid walihitilafiana vikali. Wakamwandikia Ibn Hajar al-Haytami mjini Makka, faqihi mkubwa wa Kishafi ambaye sharhi yake ya Minhaj, iitwayo Tuhfa, inategemewa na wanazuoni wetu wa Hadharamauti na Pwani ya Afrika Mashariki hadi leo. Akajibu kwa risala mahsusi ya kutahadharisha na kafta na qati, iliyoingizwa ndani ya mkusanyo wa fatwa zake kubwa.

Wengi huitaja risala hii, wengine kwa kudai kwamba Ibn Hajar ameharimisha, wengine kwamba amehalalisha. Hakufanya moja wala jingine. Alieleza kwamba amefikiwa na ushahidi wa makundi mawili, yote ya watu waaminifu. Hawa wanasema majani haya yanabadilisha akili na kudhuru, na wale wanasema hawaoni ila uchangamfu na nguvu za kufanya ibada. Kwa kuwa habari zinapingana, hakuweza kukata kwamba ni haramu kwa wote. Lakini alisema ni katika mambo ya shaka ambayo mcha Mungu anajiepusha nayo, na kwamba atakayeona kwa nafsi yake kuwa yanamdhuru au kumbadilisha akili, kwake yeye ni haramu bila ya mjadala.

Msimamo huo ulijengwa juu ya elimu ya wakati ule. Sisi leo tunajua zaidi, na si uaminifu kwa Ibn Hajar kuinukuu shaka yake kana kwamba habari hazijaongezeka. Mwaka 1975 wataalamu walitambua katika majani mabichi kemikali iitwayo kathinoni, ambayo muundo na kazi yake viko karibu sana na amfetamini. Kemikali hii hupungua haraka majani yanapokauka, ndiyo maana mirungi hufungwa katika majani ya mgomba na kusafirishwa mbio mbio, na ya juzi haina bei. Inapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, inafukuza usingizi na njaa kwa saa kadhaa, kisha inamwacha mtu na unyonge na hasira. Yule aliyewaambia watu wa Zabid kuwa anaona nguvu tu, na yule aliyeona madhara, huenda wote walisema kweli: mmoja aliulizwa saa ya kutafuna, mwingine asubuhi yake.

Mufti wa Saudi Arabia Sheikh Muhammad bin Ibrahim Al ash-Sheikh, aliyefariki mwaka 1389 Hijria (1969), ameharimisha qati kwa uwazi, na miongoni mwa dalili zinazotumiwa katika mlango huu ni Hadithi ya Umm Salama (R.A.) katika Abu Dawud inayokataza kila kinacholevya na kila kinacholegeza. Mnyororo wake umezungumzwa kwa sababu ya Shahr bin Hawshab, ingawa wako waliouona kuwa ni mzuri. Wanazuoni wengi wa Yemen wamebaki katika kuruhusu au kuchukiza tu. Serikali nazo zimetofautiana: Kenya ni zao halali linalolisha maelfu ya nyumba za Meru, na Tanzania limo katika dawa za kulevya zilizokatazwa na sheria ya mwaka 2015. Muislamu aliye Tanzania ana sababu ya ziada ya kuiacha, hata kama imamu wake anaona ni makruhu tu, kwa kuwa hairuhusiwi kujitia katika kesi na fedheha kwa jambo lisilo la lazima.

Ama yule kijana wa kumi la mwisho, jibu lake limo katika kamba ya Zaynab. Anachokitafuta kwa kutafuna ni kile kile: kusimama baada ya mwili kukataa. Kamba ilifunguliwa nayo haina madhara, sembuse jani linalomnyima usingizi hadi Alfajiri, akalala ikampita Adhuhuri.

Kinacholisha na kinachoficha uchovu

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana watu wengi huchanganya vitu viwili. Tende, asali, maziwa, uji wa shayiri ambao Mtume (S.A.W.) aliusifu kwa mgonjwa na aliyefiwa (talbina), na daku lenye baraka, ni vitu vinavyoupa mwili kitu ambacho haukuwa nacho. Usingizi nao, ambao Suratun Nabaa imeutaja kuwa ni mapumziko, ndio ukarabati wa kwanza wa mwili, na hakuna kidonge kilichowahi kushika nafasi yake.

Kahawa haiko hivyo. Mtu anapokuwa macho, ubongo wake hukusanya kidogo kidogo kemikali iitwayo adenosini, nayo ndiyo inayoupasha mwili habari kwamba umechoka. Kafeini iliyomo katika kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu hukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, habari ikazuiwa. Uchovu upo pale pale. Mjumbe wake ndiye aliyenyamazishwa. Kwa kiasi kidogo hakuna ubaya. Taasisi ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa maoni mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hadhuriki kwa hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na kopo la mililita 250 la vinywaji hivi kwa kawaida lina kama miligramu 80. Dereva anayekunywa makopo sita kwa usiku mmoja amevuka mpaka huo, na anapoendesha gari lenye abiria uchovu uliofichwa si wake peke yake. Aya ya 195 ya Suratul Baqara imekataza mtu kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yake, na hapa ametupa na ya wenzake. Kikombe cha kahawa kwa haluwa au kashata baada ya tarawehe kibaki kilivyo.

Damu na sindano

Sasa tuje kwa wanariadha. Figo za mwanadamu hutoa homoni iitwayo erithropoyetini, kwa ufupi EPO, inayouamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni, na mkimbiaji mwenye nyingi huchelewa kuishiwa pumzi. Mwaka 1989 EPO iliyotengenezwa maabara iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Mwaka uliofuata, 1990, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaipiga marufuku kwa wanamichezo, na kipimo cha kuigundua kikaanza kutumika katika michezo ya Sydney mwaka 2000. Kabla yake, na hata baadaye, ilikuwako njia nyingine: mwanariadha anatolewa damu wiki kadhaa kabla ya mashindano, inahifadhiwa, mwili unatengeneza nyingine, kisha ile ya akiba inarudishwa mwilini mashindano yakikaribia.

Mgonjwa wa figo anayechomwa EPO anatumia dawa halali, na hilo lisitiwe shaka na yeyote. Hukumu inabadilika kwa mtu mzima wa afya. Kwanza, damu ikizidi chembe inakuwa nzito, moyo unahangaika kuisukuma, na inaweza kuganda na kuleta kiharusi au kuusimamisha moyo mtu akiwa usingizini. Pili, damu iliyotoka mwilini ni najisi kwa mafaqihi, na wanazuoni wa zama zetu wameruhusu kuongezewa damu kwa mlango wa dharura ya kuokoa maisha. Hakuna dharura katika kushinda mbio. Tatu ni ghushi. Mwanariadha ametia saini kwamba anakubali masharti ya mashindano, na Muislamu anafungwa na masharti aliyoyakubali maadamu hayahalalishi haramu wala kuharimisha halali.

Hapa ndipo janabu inaporudi. Mwenye farasi wa pili hakumpa farasi wa kwanza nguvu; alileta nguvu mpya kutoka nje ya mbio, wakati wenzake wanamaliza kwa farasi walioanza nao. Chupa ya damu iliyowekwa akiba ni farasi wa pili. Kiyasi hiki naona ni cha karibu zaidi kuliko kuifananisha EPO na pombe, kama walivyofanya baadhi ya wahubiri, kwa sababu EPO hailevyi hata kidogo, na mwanariadha anayeambiwa kuwa ni kama pombe hujua mara moja kwamba aliyemwambia haijui. Janabu yenyewe ilikuwa ikionekana na kila mtu uwanjani, na bado ilikatazwa. Hii inafanyika gizani.

Wala isidhaniwe kwamba kila kinachoongeza ustahimilivu kimekatazwa na wenye michezo. Kafeini iliondolewa katika orodha ya marufuku mwaka 2004 na sasa inafuatiliwa tu. Kathini, kemikali nyingine ya mirungi, inakatazwa wakati wa mashindano ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, kwa hiyo mkimbiaji anayetafuna siku ya mbio amejihatarisha pasipo sindano yoyote. Kufanya mazoezi katika milima ya Iten, ambako hewa nyepesi huufanya mwili wenyewe uongeze chembe za damu, kunaruhusiwa kwa wote, nako ni aina ya tadmiri. Virutubisho vya kopo na vidonge vya kurudisha misuli ni halali katika asili yake. La kuangalia ni ganda la kidonge, ambalo mara nyingi ni jelatini, na jelatini huenda ikawa ya nguruwe. Pia vimo vilivyochanganywa na steroidi bila kuandikwa, na mwanariadha atakayepimwa ndiye atakayeulizwa, si muuzaji.

Majirani zetu wa Kenya wamepata msiba mkubwa katika mlango huu. Bingwa wa marathoni za Boston na Chicago alikutwa na EPO mwaka 2014, na mshindi wa marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya Rio ya 2016 akakutwa nayo mwaka 2017. Majina yao yamekwisha tangazwa na wanaohusika, nasi hatuna faida ya kuyarudia hapa. Sheria ya Kenya ya kupambana na dawa hizi ilipitishwa mwaka 2016.

Mfungaji anayechomwa sindano

Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilijadili vifunguzi vya kitabibu katika kikao chake cha kumi, Jeddah, mwaka 1997. Katika azimio namba 93 liliamua kwamba sindano za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa maji na sindano za lishe. Kwa hiyo mchezaji anayetundikiwa dripu ya glukosi mchana wa Ramadhani ili arudishe nguvu kabla ya mechi, kwa mujibu wa azimio hili amefungua, na atalipa siku hiyo. Na ikiwa hakuwa mgonjwa wala msafiri, ana na toba juu yake.

Zawadi iliyokwisha kuchukuliwa

Limebaki swali ambalo wanariadha Waislamu huliuliza kwa siri, nalo ndilo zito kuliko yote: aliyeshinda kwa njia hiyo akatubu, na hakuna aliyemgundua, fedha zile afanyeje? Hatuingii hapa katika khilafu ya mafaqihi juu ya zawadi katika mbio za miguu, ambayo Mahanafi wameiruhusu na Mashafi wana maneno marefu ndani yake. Kwa kauli ya wanaoiruhusu, zawadi ni haki ya aliyetangulia kwa sharti lililokubaliwa. Aliyevunja sharti hakutangulia, hivyo fedha aliyonayo ni mali ya mtu mwingine, na toba ya haki za waja haitimii kwa istighfari pekee bila kuirudisha. Mwenye haki hapa anajulikana kwa jina: ni yule aliyefika wa pili, na nyuma yake wa tatu aliyepewa fungu dogo kuliko lake. Njia iliyo salama ni kuwafahamisha waandaaji ili wao wayapange upya matokeo. Akihofia kufungwa au kudhuriwa, anaweza kuifikisha mali kwa mwenyewe bila kutaja sababu, kama walivyosema mafaqihi juu ya mwizi aliyetubu, kwa kuwa wajibu wake ni kuifikisha mali, wala hakulazimishwa kujifedhehi. Akiwa amezitumia zote, zinabaki kuwa deni juu yake. Akifa kabla ya kulilipa, warithi walioambiwa wanalitoa katika mirathi kabla ya kugawana.